CHUMA NACHO HUCHOKA

Gunia la vitunguu linaloshonwa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, husafiri safari ndefu kabla ya kufunguliwa katika soko la Darajani, Unguja. Hupakiwa juu ya lori ambalo springi zake zimekwisha kukunjwa na kukunjuka mara zisizo idadi. Huteremka hadi Iguguno kuishika barabara kuu. Huvuka madaraja na makalvati ya Singida, Dodoma, Morogoro na Pwani. Hufika bandarini Dar es Salaam, likaingia chomboni, na chombo nacho kikapigwa na mawimbi ya mkondo wa Zanzibar usiku kucha. Mlaji huuliza bei tu, na ana haki ya kuuliza. Walakini katika safari hiyo yote maisha ya watu na mali zao yalikuwa yamening'inia kwenye vipande vya chuma ambavyo hakuna ajuaye kwa yakini vimebakiwa na umri gani.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hilo la umri wa chuma, kwa sababu mbili. Kwanza, pande zote mbili za Muungano zimejenga mengi katika miaka ya karibuni: madaraja, reli, vivuko, bandari na njia za umeme. Pili, imeingia elimu mpya, ile ya kuifundisha kompyuta kwa mifano, ambayo wataalamu huiita ujifunzaji wa mashine na ambayo ni tawi la akili unde, na wapo wanaosema kuwa elimu hiyo sasa yaweza kutabiri ni lini chuma kitakatika. Dai hilo ni kubwa. Linastahili kupokewa kwa heshima, na linastahili pia kuhojiwa.

Neno uchovu katika habari ya chuma si la mzaha. Kila mtoto aliyewahi kukata waya bila koleo analijua jambo lenyewe: waya huo hukuweza kuuvuta ukakatika hata ukitumia nguvu zako zote, lakini ukiukunja huku na huku mara kadhaa hukatika wenyewe mkononi. Chuma kikubwa nacho ni vivyo hivyo. Mzigo ambao kingeubeba mara moja bila taabu, kikibebeshwa mara laki nyingi, huanzisha ufa mwembamba kuliko unywele, aghalabu kwenye mshono wa kulehemu, au ukingoni mwa tundu la ribiti, au penye mkwaruzo alioacha fundi. Ufa huo hukua polepole kwa miaka. Kisha siku moja sehemu nzima iliyosalia huwa ndogo mno, nacho kipande hukatika ghafla, pengine siku ambayo mzigo wenyewe ulikuwa mwepesi.

Ulimwengu ulilijua hili kwa msiba. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris iliacha reli baada ya ekseli ya kichwa chake kuvunjika, na makumi ya abiria wakateketea kwa moto. Katika miaka ya 1850 na 1860 mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alitengeneza mitambo ya kuzungusha vipande vya ekseli chini ya mzigo, akawa anahesabu mizunguko mpaka vikatike. Aliona kuwa mzigo ukipunguzwa kidogo umri huongezeka sana. Mchoro wa namna hiyo wa mzigo na idadi ya mizunguko ndio unaotumiwa na wahandisi hata leo.

Taabu ni kwamba mchoro huo haunyooki kama unavyoonekana vitabuni. Chukua vipande kumi vya chuma cha aina moja, kutoka kiwanda kimoja, uvibebeshe mzigo uleule: kimoja chaweza kudumu mara kumi zaidi ya mwenzake. Hapo ndipo hesabu ya kawaida inapoishiwa na pumzi, na ndipo mashine inayojifunza inapobisha hodi.

Ndugu zetu wa visiwani hawana haja ya kuelezwa kwa maneno mengi jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi, maana wanaye tayari anayefanya kazi hiyo. Fundi wa jahazi anapoligonga ubao kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, halafu akasema ubao huu hautamaliza kaskazi hii, hakutumia kanuni iliyoandikwa popote. Ameona mbao mamia katika maisha yake. Anakumbuka zipi zilioza, zipi zilipasuka, na zilikuwa na dalili gani kabla ya hapo. Kompyuta nayo hufanywa hivyo. Hupewa mamia au maelfu ya mifano: chuma hiki kina kaboni kiasi hiki, kilipashwa moto hadi nyuzi kadha, kilisuguliwa namna hii, kilibeba mzigo huu, kikakatika baada ya mizunguko kadha. Yenyewe hutafuta uhusiano baina ya dalili na matokeo, hata ule ambao macho ya binadamu hayaushiki. Kisha huonyeshwa chuma ambacho haijapata kukiona, ikaulizwa umri wake.

Na si porojo. Katika miaka ya 1970 Wajapani walianza kazi ya subira ya kupima uchovu wa metali za viwanda vyao na kuchapisha majedwali yake, kazi ambayo sasa iko chini ya taasisi yao ya taifa ya sayansi ya metali na vitu vya kutengenezea, iliyoko Tsukuba. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani waliyachukua majedwali hayo, safu 437 za vyuma mbalimbali, 18 miongoni mwake vikiwa vyuma vya springi, wakaifundisha kompyuta kukisia nguvu ya kila chuma ya kustahimili mizunguko milioni 10. Makisio yalikaribiana sana na vipimo vya kweli. Tangu hapo majedwali hayo yamekuwa kama msahafu wa kujifunzia kwa watafiti wa nchi nyingi.

Tunaomba msomaji aitazame vizuri hiyo idadi: 437. Haikupatikana kwa kubofya kitufe. Mtambo unaozungusha chuma mara 50 kwa sekunde huhitaji zaidi ya siku mbili kutimiza mizunguko milioni 10, na hicho ni kipande kimoja kwa mzigo mmoja. Nyuma ya ujuzi wa kompyuta ile yapo majira ya wafanyakazi waliokuwa wakiandika tarakimu daftarini mwaka baada ya mwaka, bila ya kujua kwamba siku moja zitamfaa mtu. Wale wanaodhani kuwa akili unde inatuondolea kazi ya kupima na kuandika wameligeuza jambo kichwa chini miguu juu.

Sasa tuulize swali la pili. Vyuma vile vya Japani vilipimwa wapi? Vilipimwa ndani ya maabara, katika hewa ya kawaida ya chumba. Hakuna chumvi ya Mkoani wala ya Malindi. Wataalamu wanatuambia kuwa chuma kikavu aghalabu huwa na kiwango fulani cha mzigo ambacho chini yake hakichoki hata kikizungushwa milele, lakini kikiwa ndani ya maji ya chumvi kiwango hicho hutoweka: kila wimbi huhesabiwa. Na huku Nduguti hakuna chumvi ya bahari, bali upo upepo wa Singida, upo mchanga unaosugua, na yapo matuta ya barabara ya vumbi ambayo hutikisa fremu ya lori kama chekecheo. Fundi wa jahazi akiletewa mti asioujua atasema, huu siujui. Kompyuta haisemi hivyo. Ukiiletea chuma cha mazingira ambayo haikufundishwa itatoa tarakimu ileile iliyonyooka, yenye desimali mbili, na ofisa atakayeisoma hatajua kwamba alikuwa akisoma ubashiri wa mgeni.

Kwamba mfano mbaya huua, historia ya Afrika Mashariki yenyewe inashuhudia. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet, iliyobeba alama G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti ya abiria, na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Entebbe. Watu walijivuna, na walikuwa na sababu. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Ilikuwa imeruka safari 1,290 tu zenye shinikizo la hewa ndani. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo mwenzake akaanguka karibu na Naples, wakafa 21. Waingereza walichukua ndege ya tatu ya aina hiyo wakaizamisha katika tangi la maji, wakawa wanaijaza na kuipunguza shinikizo kana kwamba inaruka na kutua. Baada ya safari 3,057, za kweli na za kuigiza, kiwiliwili kilipasuka kuanzia kwenye kona ya dirisha.

Je, waliijenga bila kuipima? Waliipima, na hapo ndipo penye funzo. Kipande cha kiwiliwili kilikuwa kimejaribiwa kabla, nacho kilistahimili zaidi ya mara kumi ya zile safari ambazo Comet ya Elba iliweza. Lakini kipande kilekile kilikuwa kimebanwa kwanza kwa shinikizo mara mbili ya lile la kawaida ili kuthibitisha nguvu zake, na kubanwa huko kulikinyoosha chuma penye kona, kikawa kigumu kuliko cha ndege zilizopewa abiria. Kipimo kilikuwa cha kweli. Kilikuwa tu si kipimo cha ndege ile. Wahandisi wale hawakuwa na akili unde. Laiti wangekuwa nayo, na wakaifundisha kwa mfano ule mmoja, ingewapa jibu lilelile la uongo, tena kwa haraka zaidi.

Turudi nyumbani. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipata sheria ya kudhibiti uzito wa magari, inayoweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Madereva huiona mizani kama mahali pa kutozwa faini, na si madereva peke yao. Lakini tazameni hesabu. Kwa mshono wa kulehemu, kanuni ya wahandisi ni kwamba madhara ya uchovu hukua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 haiongezi madhara kwa moja ya tano. Huongeza kwa takriban asilimia 73. Kwa lami yenyewe ni zaidi, karibu maradufu. Tuchukulie daraja linalopitiwa na malori 200 kwa siku: katika miaka 30 ni mapito zaidi ya milioni mbili. Nani ajuaye ni mapito mangapi kati ya hayo yalikuwa ya tani 10 na mangapi ya tani 12? Mizani inajua. Kila gari linalopimwa huacha tarakimu. Tarakimu hizo, zikitunzwa na kupelekwa kwa wanaotunza madaraja, ndizo hasa chakula ambacho kompyuta inakihitaji ili itabiri umri wa daraja la Sibiti linalouunganisha Mkalama na Meatu, badala ya kutabiri umri wa daraja fulani la Ulaya. Na hapa tuseme wazi: mzani unaofumbia macho gari kwa noti mbili tatu humwibia mwananchi mara mbili, maana licha ya kuiumiza barabara huichafua pia hesabu ambayo kesho tutaitegemea.

Kuna jambo dogo zaidi linalotuchoma. Springi inapokatika porini, fundi huifungua, huweka nyingine, na ile iliyokatika huuzwa jioni hiyohiyo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndivyo pia kwa kipande cha mlango wa kivuko, jino la gia, boliti ya nguzo. Uso wa chuma kilichokatika kwa uchovu huwa na mistari kama ya gome la chaza, na mtu aliyesomea huisoma mistari hiyo akajua ufa ulianzia wapi na ulikua kwa muda gani. Tunayeyusha ushahidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wahandisi, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ipo, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume ipo Mbweni, Chuo cha Nelson Mandela kipo Arusha. Haihitaji fedha za wafadhili kuamuru kwamba kipande chochote cha chombo cha umma kilichokatika kikiwa kazini kiandikiwe tarehe, mahali, umri na kazi yake, kisha kipelekwe katika chuo kilicho karibu kabla ya kuuzwa. Mifano mia nne na ushei iliwatosha Wamarekani kuanza. Sisi tungeipata yetu katika muda mfupi, yenye chumvi yetu na vumbi letu ndani yake.

Tumeutaja upepo wa Singida. Anayesafiri mkoani humo huziona njia kubwa za umeme za kilovolti 400, ikiwamo ile iendayo Arusha hadi Namanga na kuingia Kenya. Akiinua macho karibu na mahali waya unaposhikwa na nguzo ataona vitu mithili ya mawe mawili ya mizani yaliyofungwa kwenye ncha za kijiti, yamening'inia. Wengi hudhani ni pambo. Ni kifaa alichokibuni Mmarekani George Stockbridge katika miaka ya 1920, na kazi yake ni kumeza mtetemo. Upepo mwanana, si dhoruba, huutetemesha waya; ukitetemeka mara 10 kwa sekunde kwa saa nane za usiku mmoja, hiyo ni mikunjo 288,000 penye kikamatio. Nyuzi za ndani huanza kukatika moja moja pasipo kuonekana kutoka chini. Hapo mashine inayojifunza ina faida ya dhahiri: ipewe rekodi za upepo, mvuto wa waya na nyuzi zilizokutwa zimekatika, nayo itamwambia mkaguzi aanze kupanda nguzo ipi. Kilomita mia nne haziwezi kukaguliwa zote kwa siku moja, kwa hiyo hata kujua tu pa kuanzia ni mali.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya bara. Wazanzibari wanajua zaidi kuliko mtu yeyote nchini thamani ya kujua umri uliobaki wa kifaa. Waya wa kwanza wa umeme uliopita chini ya bahari kuja Unguja ulianza kazi mwaka 1980. Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu, kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ikarudia, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Hitilafu hizo hazikuwa za uchovu wa chuma, na hatupendi kuchanganya mambo. Lakini kifaa kilichokaribia miaka 30 kilikuwa ndiyo tegemeo pekee la kisiwa kizima. Pampu za maji zilinyamaza, barafu ya wavuvi ikakosekana, mwenye jenereta akaishi na asiye nayo akahangaika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa hata uzito wa baadhi ya vichanga waliokuwa matumboni wakati wa giza la 2008 ulipungua. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013. Umri wa waya huo nao unahesabika, na kila mwaka una tarakimu zake za joto, mzigo na hitilafu ndogondogo. Je, zinaandikwa mahali pamoja, kwa namna ambayo kijana wa Karume atazifungua mwaka 2035 akazisoma?

Sisi hatukatai programu za kununuliwa. Tunachosema ni kwamba ofisa yeyote anayeletewa programu ya kutabiri uchovu, iwe ya daraja, ya reli au ya kivuko, amuulize muuzaji maswali haya kabla ya kutia saini: kompyuta yako ilifundishwa kwa chuma cha nani, katika hewa gani, na mifano mingapi kati ya hiyo ilikatika kweli? Ikikutana na kitu isichokijua, itasema haijui? Na tarakimu zitakazotoka katika daraja letu zitakuwa mali ya nani? Muuzaji asiyeweza kujibu la kwanza asisikilizwe la bei. Na hata yule mwenye majibu mazuri, tarakimu yake isimwondoe kazini mkaguzi mwenye tochi na nyundo. Impe tu orodha ya mahali pa kuanzia.

Mtoto anapozaliwa katika nchi hii hupewa kadi ya kliniki, na uzito wake huandikwa mwezi baada ya mwezi, mzazi akaitunza kadi hiyo ndani ya kanga. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilizinduliwa Juni 2025. Bado ni kichanga. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nayo ni kichanga. Kuvifungia vipimo vya mkunjo na mtetemo vikiwa vichanga, na kuandika kila mwezi, ni rahisi kuliko kuanza vikiwa vizee vinakohoa. Gharama yake mbele ya gharama ya ujenzi ni ndogo mno.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Ujenzi, na wenzao wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, waweke kifungu mahsusi cha fedha kwa ajili ya daftari moja la taifa la vyuma vilivyokatika, lenye mizani, vivuko, reli na nyaya ndani yake, na lililo wazi kwa vyuo vyote vya pande mbili. Makadirio ya matumizi husomwa kila mwaka Dodoma na Chukwani. Tutayafuatilia tukiwa na kalamu mkononi, tuone kifungu hicho kimeandikiwa shilingi ngapi.